Kanunua Umeme Zamu Isiyo Yake: Mapenzi ya Dar Nayatoa Wapi

Haya ni maneno niliyoyasema Mtwara mjini mbele ya wanafunzi, walimu wa Kiswahili na wasomaji wa riwaya. Waliokosa nafasi wameyaomba, nami nayaweka yote kama yalivyotoka mdomoni. Picha za ukutani nimeziacha. Hazikuongeza kitu.

Mtwara kuchele!

(Ukumbi: Kuchele!)

Hapana, hiyo ni ya watu walioshiba ubwabwa. Mtwara kuchele!

Hapo sawa. Asalaam aleikum. Bwana Yesu asifiwe. Tumsifu Yesu Kristo. Wazee wangu mliokaa mbele, shikamooni. Mama zangu, shikamooni. Walimu, nawaheshimu sana, ingawa ninyi ndio mliokuwa mkitunyang'anya riwaya za mapenzi darasani mkaenda kuzimalizia wenyewe ofisini. Wadogo zangu wa vyuo, mambo?

Nimeitwa nijibu swali moja tu. Naulizwa kila niendako, na sikuzote naulizwa kwa jicho la pembeni: "Dada, haya mapenzi ya Dar unayoyaandika, unayatoa wapi?" Mwanaume akiandika riwaya ya ujambazi, hakuna anayemuuliza kavunja benki gani. Mwanamke akiandika mapenzi, watu wanaanza kumhesabia waume. Leo hii kabla sijapanda hapa, kuna mama kanivuta pembeni, simtaji, yupo anacheka, kaniuliza: "Mwanangu, na mumeo anayasoma haya?" Anayasoma, mama. Ndiye anayenisahihishia vituo vya daladala.

Basi nijibu, na jibu langu litawaudhi waliokuja kusikia habari za machweo na hoteli za Masaki. Mapenzi ninayoyaandika nayatoa kwenye kodi ya nyumba. Nayatoa kwenye luku, umeme wa kulipia kabla. Nayatoa kwenye basi la Kusini na kwenye bei ya korosho. Nayatoa kwenye kila kitu kinachowazuia watu wawili kukaa pamoja dakika kumi kwa amani. Maana watu wawili wakipendana na hakuna kinachowazuia, hiyo ni harusi: kadi zinachapwa, pilau linapikwa, na hadithi imekwisha ukurasa wa pili. Riwaya huanzia kwenye kizuizi. Na kwa vizuizi, ndugu zangu, nchi hii hakuna mji unaoifikia Dar es Salaam.

Sensa ya 2022 iliikuta Dar ina watu zaidi ya milioni 5.3. Mkoa wetu mzima wa Mtwara, chukua Masasi, chukua Newala, chukua Tandahimba na Nanyumbu, hatukufika milioni 1.7. Na Dar ndio mkoa mdogo kuliko yote Tanzania Bara kwa eneo. Watu wote hao, mahali padogo vile, na kila mmoja anatafuta pa kuketi na mtu wake. Wanaketi wapi? Nawauliza ninyi. Wanaketi wapi?

(Sauti: Coco Beach!)

Nilijua tu. Kila kijana wa huku anayeniletea hadithi yake nisome, mpenzi lazima apelekwe Coco kula mihogo. Jamani! Mtu wa Kusini, chai umenywea mihogo, futari umekula mihogo, unapanda basi zaidi ya kilomita 500 ukale mihogo, halafu uite mahaba?

Kama ni faragha, kuna pantoni ya Kigamboni. Kwa nauli ndogo tu watu wawili wanasimama wamegusana mabega katikati ya umati, na hakuna anayewauliza, kwa kuwa wote tumebanana. Nimewaona wanaovuka kwenda wakavuka kurudi bila kuwa na shughuli yoyote ng'ambo. Lakini na pantoni nayo niiache. Twendeni Mbagala.

Mnajua kwa nini Mbagala. Barabara ya Kilwa inaingia Dar kwa upande ule, na mtu wa Kusini aliposhuka na kiroba chake hakuwa na haja ya kwenda mbele zaidi. Nani hapa hana ndugu Mbagala? Nyoosheni mkono. Mnaona. Hata mmoja.

Nilipanga huko, katika nyumba ya korido. Vyumba vitatu mkono wa kulia, vitatu mkono wa kushoto, choo na bafu uani, kodi miezi sita kwa mkupuo, na dalali juu yake anadai mwezi wake mmoja. Kuta zinapanda zinaishia njiani, hazifiki kwenye bati, na dari hakuna. Wa chumba cha kwanza akikohoa, wa chumba cha sita anasema pole. Wanandoa wa mwisho wa korido walikuwa hawagombani mpaka wafungulie redio, na ikifunguliwa kwa sauti saa nne usiku, nyumba nzima tunatulia kusikiliza. Si redio.

Mita ya umeme moja. Mliowahi kuishi nyumba ya hivyo mnajua vita vya luku: mwenye friji alipe zaidi, mwenye pasi alipe zaidi, na yule mwenye jiko la umeme lililofichwa uvunguni anajifanya hajui. Kwetu zamu ziliandikwa kwa chaki nyuma ya mlango wa mbele, jina la mtu na siku yake.

Chumba cha nne alikaa dada mmoja fundi cherehani. Chumba cha tatu kijana fundi pikipiki, mpole, salamu yake ilikuwa ya kusikia kwa taabu. Usiku mmoja, zamu ya yule dada, umeme ukakata. Na usiku ule alikuwa na sare za harusi za watu, zinatakiwa asubuhi, na cherehani yake ni ya mota. Tukamsikia anahesabu sarafu gizani. Tukasikia anarudia kuhesabu. Halafu kimya, na mlango wa chumba cha tatu ukafunguka taratibu.

Wenzangu, luku ina tarakimu ishirini. Mita yetu ilikuwa kwenye korido, na kila ukibonyeza inalia, ti. Nyumba haina dari. Nyumba nzima ililala macho ikihesabu. Ti. Ti. Ti. Kufika ya kumi na saba akakosea, akaanza upya. Mama wa chumba cha kwanza akaguna, "Ee Mola msaidie." Taa zikawaka, cherehani ikaanza kulia, na kijana akarudi ndani kwake.

Asubuhi mama mwenye nyumba kasimama koridoni na kanga yake kifuani: "Nani kanunua umeme zamu isiyo yake?" Hakuna aliyejibu. Wote tulijua. Mtu pekee ambaye hakujua ni yule dada mwenyewe. Alikuwa ameinamia sarafu zake, hakusikia kitu. Kanga zikasema, watoto wakaimba, na ilipofika zamu ya kijana, tukakuta nyuma ya mlango jina lake limefutwa kwa kiganja na jina la dada limeandikwa juu yake kwa chaki mpya. Kalipia dada.

Nimeandika sura ndefu za mapenzi katika maisha yangu, na bado sijaandika inayoufikia ule mlango.

Kwa hiyo mtu akiniambia Dar hakuna anayemjua mwenzake, huwa nacheka. Dar wanajua ulikula nini jana na ulilia saa ngapi. Kisichojulikana ni kimoja tu: u mtoto wa nani. Na hapo ndipo riwaya inapopata riziki yake ya pili.

Hapa Mtwara, kabla hujajibu salamu ushaulizwa, "Wewe wa nani? Wa Mikindani kwa yule mwenye mashua, au wa Nanguruwe?" Kijana akimpenda binti wa Chikongola, kabla ya magharibi habari imefika Msimbati. Posa haijafika, lakini uchunguzi umekwisha: kwao walikuwa na maradhi gani, babu yake alimdhulumu nani shamba. Uongo hauna pa kusimama. Na pasipo na pa kusimamisha uongo, mwandishi wa mapenzi anapata taabu kweli kweli.

Dar unaweza kujitunga. Kuna mwanamke, jina na mtaa nimevibadilisha, alichumbiwa na kijana aliyemwambia ni karani bandarini. Kila asubuhi anatoka na shati jeupe limenyooshwa, kila jioni anarudi nalo. Jumamosi mwanamke anafua. Sasa nisikilizeni ninyi mnaofua. Februari, Dar, kaskazi imekaza, mtu katoka alfajiri karudi usiku kwa daladala, na kola ya shati haina mstari! Haina! Shati linanuka sabuni ya asubuhi. Lakini akimshika mabega, mabega yana sugu. Binti wa watu akaelewa bila kuambiwa: mwenzake anabeba marobota ya mitumba Kariakoo, shati linashinda limetundikwa kwenye kibanda cha rafiki.

Nilimuuliza, "Ukafanya nini?" Akasema, "Nikaendelea kulifua." Wakaoana. Mume baadaye akapata meza yake ya biashara, na mpaka leo hajasema, na mpaka leo hajaulizwa. Nikamwambia, "Dada, mbona humuulizi hata sasa, si mambo yamekwisha?" Akanitazama. "Nikimuuliza, na yeye ataniuliza Tanga mtaa gani."

Alikuwa amemwambia kwao Tanga. Kwao Nanyamba, huku huku Mtwara.

(Kicheko kirefu. Mzee mmoja: Kwa nini Tanga?)

Kwa kuwa Tanga ndiko kwenye sifa za mahaba, mzee wangu. Sisi huku sifa yetu wanasema ni ulinzi na umachinga. Na mimi riwaya zangu nyingine nimeziandika kwa hasira hiyo tu: nimechoka kuona mwanamke wa Kusini katika hadithi za Dar ni mfanyakazi wa ndani anayepita na sinia, haambiwi hata neno, haulizwi hata jina. Kwangu mimi sinia analibeba mwingine.

Naombeni maji kidogo. Asante.

Nije kwenye barabara. Vijana wengi hapa hamkumbuki, maana Daraja la Mkapa lilifunguliwa 2003. Kabla ya hapo Rufiji ilivukwa kwa pantoni pale Ndundu, na masika ikikolea, basi lililotoka Dar hujui litafika lini. Abiria wanashuka wanasukuma, wanapika kando ya njia, wanalala. Na hata baada ya daraja, kile kipande cha Ndundu hadi Somanga, kama kilomita 60, kikabaki udongo miaka mingi. Kusini ilikuwa ikifungwa. Mume yuko Dar, mke yuko Mtwara, na katikati kuna tope.

Mama yangu mkubwa aliishi hivyo. Mumewe alikuwa kibarua Dar, na barua zake alizituma kwa utingo wa basi. Mwaka mmoja akatuma kanga. Ilikuwa doti, lakini alituma kipande kimoja, kingine akabaki nacho huko. Ikakwama njiani masika nzima. Ilipofika ilikuwa na doa la dizeli pembeni, na imeandikwa maneno ambayo wote mnayajua: mapenzi ni kikohozi, hayawezi kufichika. Mama mkubwa hakujua kusoma. Akaniita mimi nimsomee. Jioni nikamkuta anamwita mtoto wa jirani amsomee. Kesho yake mwingine. Nikaona, haa, huyu mama haamini usomaji wangu! Mtaani kwetu watoto wote wa darasa la tatu walipata mazoezi ya kusoma kwa kanga ile.

Mimi sikusoma mahali pengine popote namna ya kuandika mtu anayesubiri. Mnaoandika, angalieni: sikusema aliketi dirishani akitazama upeo wa macho. Alikuwa na shamba la kulima. Kusubiri kwake kulikuwa kazi, kulikuwa na utaratibu wake na wasaidizi wake.

Sasa leo? Ujumbe unafika kabla hujaondoa kidole. Tiki mbili zimegeuka bluu, kasoma saa mbili na dakika nne, na hajajibu, na sasa ni saa tano. Watu wanadhani kusubiri kumekwisha. Kumeongezeka! Zamani ulimsamehe mtu kwa sababu ya Rufiji. Leo unamsamehe kwa sababu ya nini? Riwaya zangu za karibuni zote zinazunguka hapo: mtu hana tena mto wa kumsingizia.

Kwa hiyo msifanye uvivu. Kila mwandishi chipukizi akikwama, simu ya mhusika inaishiwa chaji. Mpenzi anapiga, simu imezima, ndoa inavunjika. Mara moja sawa. Mara ya nne unamdharau msomaji. Simu ikizima kuwe na sababu ya watu wote kuijua. Mei 2024, baada ya kimbunga Hidaya, barabara ilikatika maeneo ya Somanga, na wasafiri wakakaa huko siku kadhaa. Hapo simu zilizima kwa haki. Nani alikuwepo? Wewe, na wewe pale nyuma, na dada mwenye ushungi wa kijani. Msiondoke baadaye, nina shida na ninyi.

Na sasa nimseme mjomba.

Wasomaji wa mikoa mingine wananiuliza: katika vitabu vyako baba yuko wapi? Binti anachumbiwa, baba anakunywa chai, na anayekuja juu ni mjomba. Kwa nini? Ninyi hapa hamuulizi. Wamakonde, Wamwera, Wamakua, Wayao, tumezaliwa tukihesabiwa kwa mama. Baba anakupenda, lakini neno likiwa zito anaitwa mjomba. Mambo yanabadilika, nakubali, dini zina taratibu zake na mahakama zina zake, lakini nenda posa yoyote huku umwache mjomba nje, uone. Mhariri mmoja alinishauri nimkate mjomba kwenye muswada, ati wasomaji wa mjini hawataki wazee ndani ya mapenzi. Nilimwambia nikimkata mjomba, binti atabaki hana mtu wa kumwogopa. Mjomba akabaki, na barua nyingi nilizopata kuhusu kitabu kile zilimhusu yeye.

Mjomba wa namna hiyo nilimwona kwa macho yangu, au niseme kwa masikio, maana alikuja katika ile ile nyumba ya Mbagala. Binti wa chumba cha tano alikuwa akifanya kazi zamu ya jioni, anarudi usiku. Mchumba wake alikuwa kijana wa Singida. Walikuwa wameanza kuishi pamoja, kwa sababu ile ile inayowaunganisha nusu ya wapenzi wa Dar: kodi ya mmoja iliisha. Habari ikafika Newala. Newala ikamtuma mjomba.

Kijana alijiandaa. Aliazima viti kwangu, akanunua soda, akanywesha chumba kizima marashi. Kwa siku mbili tulimsikia anajifunza majibu: mahari, dini, mshahara, kwao kuna ng'ombe wangapi. Mjomba akashuka kituo cha Rangi Tatu, pale pale Mbagala, na kiroba cha korosho na ming'oko, vile viazi pori vya kwetu, iliyochemshwa imefungwa kwenye kitambaa. Akaingia, akaketi, akanyamaza muda mrefu. Mimi sikuwa na viti, nimekaa kitandani, na ukuta ndio ule usiofika juu.

Kwenye kona kulikuwa na ndoo, zimepangwa, zimefunikwa.

Mjomba akauliza, "Hapa maji mnachota wapi?"

"Bombani kwa jirani, mzee. Mtaa wa pili."

"Anachota nani?"

Kimya. Kijana hakulijiandalia lile. Nyumba nzima tulijua anachota yeye, kila alfajiri, na wenzake kijiweni walikuwa wakimcheka kwa hilo. Tukasikia kiti kinalia.

"Mimi, mjomba. Yeye anarudi usiku, amechoka."

Niwaulize watu wa Newala mliomo humu. Mnajua swali lile limetoka wapi? Uwanda wa Makonde kule juu maji yalikuwa ya shida tangu enzi. Mama zetu waliamka usiku wa manane, wakateremka mabonde, wakapanda na ndoo kichwani na mtoto mgongoni, kulipokucha ndio wanafika nyumbani. Mjomba yule alikuwa amemwona dada yake akipanda mlima ule miaka yote. Hakuwa na haja na ng'ombe wa Singida. Alifungua kile kitambaa, akamega mng'oko, akampa kijana: "Kula." Nikasikia mtu anatafuna, na wa chumba cha kwanza akashusha pumzi.

Nimetumia swali lile katika riwaya. Nilimbadilisha kijana, nikabadilisha mtaa, swali sikuligusa.

Unyago? Naona mkono wa dada pale, na najua unachotaka kuuliza. Ya unyagoni hayasemwi ukumbini, na wanaume wamekaa hapa wamechongoa masikio. Nitasema tu kwamba huko ndiko nilikosikia mara ya kwanza watu wazima wakisema jambo zito kwa wimbo, bila kulitaja, na kila anayehusika akalielewa. Zaidi ya hapo tutaonana jikoni.

Korosho nizipitie haraka, maana jua linakwenda. Mwandishi anayeandika harusi ya Mmakonde wa Dar asijue kalenda ya korosho, huyo anapiga ramli. Oktoba minada inaanza, fedha inaingia kupitia vyama vya ushirika, na ndipo mahari inapopatikana, ndipo sare zinashonwa, ndipo nauli za wazee kwenda Dar zinalipwa. Msimu wa 2018/2019 mnaukumbuka: wanunuzi na wakulima walivutana bei, serikali ikaamua kuzinunua yenyewe kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo yakasubiri uhakiki. Mimi naijua harusi ya Temeke iliyosogezwa mbele, ikasogezwa tena, kwa sababu ya gunia zilizokuwa ghalani Tandahimba. Bibi harusi yuko saluni Temeke, anampigia mchumba wake, na swali lake la kwanza halikuwa unanipenda. Lilikuwa: "Wazee wamelipwa?" Nani atasema hayo si mapenzi? Mimi nayaita mapenzi yenye akili.

Vijana mnaotaka kuandika, siku hizi njia ni nyingi. Wengine mnauza sehemu kwa sehemu kwenye makundi ya WhatsApp, msomaji anatuma fedha kwa simu ndipo apate sehemu inayofuata. Fanyeni, sisi tulianza magazetini na "itaendelea" ndiyo iliyotulisha. Na iko Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inatolewa tangu 2023, na riwaya imo. Pelekeni miswada. Msisubiri kwanza mkaishi Masaki.

Kesho saa tatu asubuhi nitakuwa hapa hapa. Mwenye nia aje na kurasa tatu. Watu wawili wanaopendana, Dar au Mtwara au Lindi, chagueni wenyewe. Masharti yangu machache: neno "nakupenda" nisilione, mvua isinyeshe wanapoachana, na asiwepo anayekula mihogo Coco. Nataka nijue nani analipa kodi, nani anachota maji, na mjomba anaonaje.

Walimu, kipaza sauti sasa ni chenu, maswali yaanze. Na ninyi watatu mliokwama Somanga, njooni mkae hapa karibu yangu. Nataka kujua mlikula nini, mlilala wapi, na nani alimpa nani shuka.